Unguja tuiache, likizo tunakuja kuimalizia Mtwara

Rostock, Ujerumani
Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, kazi za wodini zinaenda, watoto wanasubiri shule zifungwe. Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie hilo goti likizidi asiningoje mimi nije ndiyo apelekwe hospitali. Shangazi naye umfikishie shikamoo, ingawa nina neno naye.

Nimesoma ujumbe wako kwenye kundi la familia. Unasema tushukie Unguja, tukae Nungwi wiki mbili, halafu Mtwara tupite siku tatu tu za kumsalimia Mama, kwa kuwa huko nyumbani "hamna cha kuwaonyesha watoto wa Ulaya". Shangazi akafuatia na vile vikatuni vyake vya kucheka. Nimeona nikae nikuandikie kwa kirefu, maana kwenye simu tutapasuliana maneno vipande vipande mpaka tugombane. Jibu langu ni hapana. Unguja kuzuri na sina ugomvi nako, ila likizo yote tutaimalizia Kusini, na nataka tuipange mimi na wewe na Mjomba, kwa mwezi wa angani.

Nikueleze kwa nini. Bahari ya hapa haipwi. Mimi nilipofika sikuamini. Nilidhani nimefika saa mbaya. Ukienda asubuhi maji yapo pale, ukienda jioni yapo palepale. Tofauti ya kujaa na kupwa ni sentimeta chache tu, na upepo mkali ndio unaoweza kuyasukuma yapande au yashuke. Sababu yake ni kwamba Baltiki ni bahari iliyofungwa, mlango wake wa kutokea nje ni mwembamba, kwa hiyo kujaa na kupwa kwa bahari kuu hakuwezi kupenya humo. Wanangu wamekulia kando ya maji ya namna hiyo. Juzi nilimwonyesha mkubwa ile video uliyotuma ya Shangani, ufukwe wetu wa Mtwara, pakiwa pakavu, wanawake wako mbali kule wanaokota, mitumbwi imelala ubavu. Akaniuliza ni nani ameyatoa maji na atayarudisha lini.

Pwani yao inaitwa Warnemünde, iko hapahapa Rostock, treni ya mjini inakufikisha karibu kabisa na ufukwe. Ni pazuri, sitaki kusema uongo. Mchanga mpana mweupe, mnara wa taa wa mwaka 1897, meli za watalii ndefu kama mtaa mzima zinapita karibu unaona watu wanavyokunywa chai. Agosti kuna tamasha la majahazi, watu wanakuja kutoka nchi za jirani kutazama matanga. Kuna na viti vya ukindu vyenye paa, watu wawili wanaingia ndani wanajikinga upepo. Kiti cha kwanza alikitengeneza fundi mmoja wa Rostock mwaka 1882 kwa ajili ya bibi aliyekuwa na baridi yabisi. Unakikodi kwa siku, na mgeni anatozwa ushuru wa kukaa pwani. Yote hayo kwa maji ambayo Agosti yakifika nyuzi 18 au 20 watu wanashangilia. Mimi naingia mpaka magotini, natoka.

Sasa angalia. Watalii wengi wanaipenda Nungwi kwa sababu pale maji hayaendi mbali, mtu anaogelea saa yoyote. Yaani wanaikimbia bahari inayopwa. Mimi ndiyo ninayoitaka. Nataka wanangu waione ikiondoka na wajue itarudi saa ngapi bila kutazama simu.

Kwa hiyo muulize Mjomba siku za bamvua za Agosti, zile ambazo maji yanajaa na kupwa sana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huko kwetu maji hukauka kabisa kama saa nne asubuhi, ndiyo saa nzuri ya watoto, jua halijawa kali. Siku hizo tunashinda Shangani. Wasiogelee, watembee miambani. Umwombe Mama Mdogo awachukue yeye, asiwachukue kijana yeyote wa kutembeza wageni, kwa sababu yeye anajua kulitambua shimo la pweza. Unakumbuka alivyotufundisha: pweza anajisaliti mwenyewe, mlangoni kwake anaacha makombe na vijiwe vya chakula alichokwisha kula, na ukiona makombe masafi yamekaa pamoja ujue mwenyewe yumo. Nataka wamwone akibadilika rangi, kahawia, halafu nyekundu, halafu kijivu cha jiwe. Wakigeuza jiwe walirudishe lilivyokuwa, maana chini yake kuna viumbe wanaokufa kwa jua. Raba za kuvalia nitawanunulia huku; miiba ya wale viumbe weusi wa baharini wanaokaa kwenye nyufa naikumbuka vizuri.

Siku za maji mafu mambo yanageuka: maji yanajaa katikati ya asubuhi na hayaendi mbali yakipwa. Hizo ndizo siku za Msimbati. Tukodi gari la kupanda juu, bajaji yako iache nyumbani, ule mchanga utaimeza. Tunapita Madimba penye mtambo wa gesi, tunaendelea mpaka tunaingia eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilianzishwa mwaka 2000, ni kilometa za mraba 650, na ndani yake kuna vijiji vyenye watu wanaovua na kulima, kwa hiyo usiwaambie watoto kwamba tunakwenda mbugani wakategemea uzio. Kiingilio kipo. Wao wana pasipoti za huku, watatozwa kiwango cha wageni, nami nitalipa bila kunung'unika. Omba namba ya malipo ulipe kwa simu, tusifike pale tukaanza kutafuta mtandao.

Tusiishie kijijini Msimbati, twende hadi Ruvula. Pale kina kinaanza karibu na ufukwe na matumbawe yapo hatua chache kutoka kwenye mchanga, huhitaji hata boti. Watoto wameshajifunza kuogelea kwa miwani na mrija kwenye bwawa la shule. Kwenye bwawa wanatazama vigae. Pale watatazama samaki wa kila rangi na, wakibahatika, kasa. Masharti yangu ni mawili tu: wasisimame juu ya matumbawe, na mtu mzima mmoja asiwaondolee macho hata akiitwa kula.

Shemeji yako yeye anataka kuona alipokuwa anaishi Leslie-Moore, yule mzee wa Kiingereza aliyejitangazia uhuru wa Msimbati na kujiita sultani. Amelisoma mahali akacheka wiki nzima. Mwachie Mjomba amsimulie, yeye ana yake ya kuongezea.

Nyangumi. Hapa ndipo Agosti inapotusaidia. Wanatoka bahari za barafu za kusini wanapanda pwani yetu kuzaa na kulea, na wanaonekana kuanzia Julai hivi mpaka karibu Novemba. Lakini Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, na kusi ukishapanda mchana bahari inachafuka, nawe unajua tumbo la mdogo wangu wa pili lilivyo. Tutoke alfajiri, turudi kabla ya saa tano. Chombo kiwe na injini ya akiba na jaketi okozi za kutosha, za watoto zikiwa za saizi ya watoto. Mwenye boti akikuambia "tutabanana tu", mwambie asante, tafuta mwingine. Na akimwona nyangumi na mtoto wake asimfukuze. Azime injini akae mbali, atakuja mwenyewe akitaka. Tusipomwona basi, hakuna anayedaiwa nyangumi.

Mikindani, ule mji wa kale karibu na Mtwara, nataka tulale usiku mmoja hivi, si kupita na picha. Jioni tupande kile kilima cha nyuma ya Boma, ghuba yote inaonekana, mikoko upande mmoja na mitumbwi ikirudi. Boma lenyewe Wajerumani walilijenga mwaka 1895, baadaye likachakaa mpaka likakarabatiwa kuwa hoteli.  Nami nataka watoto waulize yule aliyelijenga alikuwa anatafuta nini kwetu. Tuwaonyeshe milango ya kuchongwa, vile vibaraza vya juu, jengo wanaloliita soko la watumwa, na nyumba yenye kibao cha Livingstone. Alianzia safari yake ya mwisho hapo mwaka 1866, akafia bara mwaka 1873. Chuma na Susi, waliokuwa watumishi wake, ndio waliouongoza msafara uliobeba mwili wake mpaka pwani, Bagamoyo. Kibao ni cha Livingstone. Hao wawili nitawasimulia mimi.

Kwenye hilohilo la kubeba: mwaka jana tulikwenda Berlin kumwona mjusi wetu wa Tendaguru, yule dainosaria aliyechimbwa huko Lindi. Kasimama ndani ya jumba la makumbusho, urefu wa kwenda juu mita 13 na kitu, mtoto wangu mdogo alilala chali sakafuni ndiyo akakiona kichwa. Mifupa ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na mabegani na babu zetu kutoka porini mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa mguu, halafu ikapakiwa melini. Mkubwa akaniuliza kama babu yake Bibi alikuwemo. Nikamwambia tutamuuliza Bibi. Kwa hiyo mtayarishe Mama, kwao ni Lindi, ataulizwa.

Ila Tendaguru kwenyewe tusiende. Njia ndefu, na ukifika ni pori na vilima, mtoto aliyeona mifupa imesimama atavunjika moyo. Twende Lindi mjini, tukae kando ya ghuba tule pweza, nitawaonyesha maji yaliyowabeba wale mijusi kuondoka. Kama tutakuwa tumefika kabla ya Nane Nane, tuiunganishe na maonyesho ya Ngongo siku hiyohiyo.

Mengine haya sina maneno mengi. Msangamkuu twende Jumamosi moja kwa kivuko, binamu zao wote waje, maana siku za kazi watakuwa shuleni. Newala kwa siku moja ya kutazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo kutoka Shimo la Mungu, chukueni masweta. Kilwa tutalala njiani tukishuka kutoka Dar, Kisiwani na magofu yake hakuhitaji mimi kukusifia, ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Tutakuja kwa barabara makusudi. Shemeji yako alisimuliwa habari za safari ya Kusini ya zamani, watu wanalala porini kusubiri Rufiji, anataka kuliona hilo Daraja la Mkapa kwa macho yake.

Mabibo hatutayakuta, korosho ndiyo kwanza zitakuwa na maua, najua. Ming'oko je, vile viazi vya porini? Mtafutie mdogo, nimemsifia mno. Na shambani kwa Baba Mkubwa tusiende siku za kupuliza salfa kwenye mikorosho, mkubwa ana pumu kidogo.

Fanya hivi basi. Wiki hii muone Mjomba akuandikie tarehe za bamvua na za maji mafu, unipigie picha hiyo karatasi. Uliza bei ya boti kwa wenye boti wawili watatu, usiseme ni ya dada wa Ulaya. Gari la Msimbati vilevile. Nikipata hesabu nitakutumia kwa simu nusu kwanza, nyingine tukifika. Shangazi mwambie nafasi yake kwenye boti ipo, akiacha kunicheka.

Ni mimi,
Dada yako

Tena: nitumie saizi ya miguu ya wapwa zangu wote, raba huku zinapunguzwa bei mwisho wa mwezi huu.