Yah: Malalamiko kuhusu kurasa za kumbukumbu za KB 4 kwenye mashine pepe ya hifadhidata

Kwa Mkuu wa Huduma za Seva,

Tulilalamika kwamba hifadhidata yetu inakwenda polepole; jibu lenu kwamba tuongeze vichakataji halitibu tatizo. Kinachotuchelewesha ni majedwali ya kurasa (ramani za anwani za kumbukumbu) upande wa mwenyeji, yaani seva yenu inayobeba mashine pepe, na ushahidi uko kwenye matokeo mliyotutumia wenyewe: smaps (taarifa ya kerneli kuhusu kumbukumbu) ya mchakato wa QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, inaonyesha AnonHugePages (kumbukumbu iliyo kwenye kurasa kubwa) karibu sifuri, na /sys/kernel/mm/ksm/run inasoma 1, yaani KSM imewashwa. KSM, sehemu ya kerneli inayounganisha kurasa zenye maudhui sawa, huunganisha kurasa za KB 4 tu. Ikikuta ndani ya ukurasa wa MB 2 kipande kinachofanana na cha mteja mwingine, huuvunja ukurasa mzima vipande 512.

Ndani ya mgeni, yaani mashine yetu pepe, tumeshaweka kurasa za MB 2, lakini TLB (akiba ya tafsiri za anwani ndani ya kichakataji) hushika tafsiri kwa ukubwa ulio mdogo kati ya pande mbili, hivyo kazi yetu inapotea bure. Skylake ya seva (kichakataji cha Intel) ina nafasi 1,536 kwenye TLB ya ngazi ya pili: kwa KB 4 zinafunika MB 6, kwa MB 2 zinafunika GB 3. Hifadhidata inayorukaruka ndani ya GB 64 itapona vipi na MB 6? Na kila tafsiri ikikosekana, kupitia EPT (majedwali ya kurasa ya mwenyeji) pamoja na majedwali ya mgeni kunagharimu hadi visomo 19 vya kumbukumbu. Mkiweka MB 2 upande wenu vitakuwa 15. Vichakataji vya ziada havipunguzi hata kisomo kimoja.

Tunaomba mzime KSM kwa mashine yetu kwa nosharepages ndani ya memoryBacking, sehemu ya mipangilio ya kumbukumbu katika libvirt (programu ya kusimamia mashine pepe), kisha muweke hugepages (kurasa kubwa) hapohapo. Tengeni kurasa 32,768 mara tu seva inapowaka, kabla kumbukumbu haijakatikakatika. Angalizo: hugepages=32768 kwenye mstari wa kerneli hugawa kurasa sawa kwa nodi zote za NUMA (makundi ya vichakataji na kumbukumbu iliyo karibu navyo). Mashine yetu imefungwa nodi 0, kwa hiyo itakuta nusu tu na haitawaka. Andikeni idadi hiyo kwenye nr_hugepages (faili la idadi ya kurasa kubwa) ya node0 yenyewe.

Tunafahamu kwamba kumbukumbu ikitengwa hivyo hamtaweza kuiuza mara mbili. Mkataba unasema GB 64 ni zetu peke yetu.

Mkimaliza, tutumieni HugePages_Free (idadi ya kurasa kubwa zilizo huru) ya nodi 0 kabla na baada ya kuwasha mashine. Malipo ya vichakataji mlivyotuongezea yarudishwe kwenye ankara ijayo.

Wenu,
Kitengo cha Miundombinu