Kwa Nini Laga Yetu Ni Ghali Kuliko Ale Ilhali Zote Ni Bia

Lalamiko hili haliishi. Mteja analinganisha bei ya ale na ya laga, kisha anauliza kwa uchungu kwa nini tunamtoza zaidi ilhali zote ni bia, zimetoka kwenye kimea cha shayiri na maji yaleyale. Juzi mmoja alituambia waziwazi kwamba tunawaibia watu kwa majina ya kigeni. Tunamjibu hapa, kwa sababu bei imefichwa ndani ya majina hayohayo.

Neno bia Kiswahili kimelitoa kwenye Kiingereza, "beer", ndugu wa "Bier" la Kijerumani. Lilikotoka kabla ya hapo, wanaisimu hawajakubaliana. Wako wanaolirudisha kwenye Kilatini "bibere", kunywa, wakisema lilienea kupitia watawa waliokuwa wakipika pombe kwenye monasteri zao. Wengine wanalihusisha na neno la kale la shayiri. Wahispania wao wanasema "cerveza", kutoka Kilatini "cervisia", na neno hilo ndilo lililoingia kwenye jina la kisayansi la hamira ya ale, Saccharomyces cerevisiae.

Linalotuhusu sisi wapishi ni kwamba Uingereza ya zamani "ale" na "beer" vilikuwa vinywaji viwili. Ale ilipikwa bila hopsi. Katika karne ya 15 ikaenea kutoka ng'ambo ya bahari, upande wa Uholanzi na Flanders, pombe iliyotiwa maua ya hopsi, na hiyo ndiyo iliyoitwa "beer". Hopsi huleta uchungu, lakini pia huzuia bakteria wanaoharibu pombe. Ale ilichacha upesi. Beer ilivumilia safari na ghala. Ufaransa nako ikawa hivyo: "cervoise" ikaipisha "bière". Kwa hiyo mnunuzi alipotajiwa jina alijua analipia nini. Siku hizi ale nayo hutiwa hopsi, na bia limekuwa jina la ukoo mzima. Anayerudisha ale yetu akidai "hii si bia" angekuwa sahihi miaka 500 iliyopita.

Sasa laga. Jina linatokana na kitenzi cha Kijerumani "lagern", kuweka ghalani, na humo ndimo pesa yako inamokwenda. Ale huchachuka kwenye joto la nyuzi 15 hadi 24, kwa siku chache, na haikawii kuwa tayari. Laga hutumia hamira nyingine, Saccharomyces pastorianus, inayofanya kazi polepole kwenye baridi ya nyuzi 7 hadi 13. Ikimaliza, bia hushushwa hadi karibu na sifuri na kulazwa humo kwa wiki kadhaa. Muda wote huo tangi limeshikwa, na mashine ya baridi inakula umeme usiku na mchana. Tangi hilohilo lingetupa ale mara mbili, hata tatu.

Na si sisi tuliobuni bei ya kungoja. Amri ya Bavaria, huko Ujerumani, ya mwaka 1516, ile iliyotaka bia iwe ya shayiri, hopsi na maji tu, ilipanga pia bei, na bei ya miezi ya joto iliruhusiwa kupanda juu ya ile ya miezi ya baridi. Baadaye, mwaka 1553, kupika bia wakati wa joto kulipigwa marufuku huko kabisa, maana iliharibika. Waliolaza bia kwenye mapango na maghala ya baridi hadi majira yapite walijua thamani ya walichokuwa nacho.

Njia ya mkato tunayoombwa kila mara ni hii: "Nitolee laga sasa hivi, itamalizikia kwangu." Haimaliziki. Laga changa ina ladha kama ya siagi, kitu ambacho hamira hukitengeneza mwanzoni na kukifyonza yenyewe baadaye, ukiipa muda. Mteja mmoja mwenye sherehe tulimkatalia, akaenda kwingine akapewa ya haraka kwa bei ndogo. Wageni wakaiacha kwenye glasi. Jioni ileile akatuma gari kwetu kuchukua ale, akawa amelipia vinywaji mara mbili na usafiri juu yake.

Mwingine alijipatia kwa mpishi mwingine dumu la bia ambayo haijamaliza kuchachuka, akaijaza mwenyewe kwenye chupa na kuzifunga kwa nguvu. Sukari iliyobaki ikaendelea kuzalisha gesi, na chupa zikapasuka stoo. Ni bahati kwamba hakuna aliyekuwa karibu, maana kioo kinachoruka kinaweza kupofua mtu. Ndiyo maana hatufungi chupa kabla kipimo cha sukari hakijasimama palepale siku kadhaa mfululizo, hata mteja akinuna.

Kwa hiyo ukitaka laga, tuambie tarehe mapema, wiki sita au zaidi. Sherehe ikiwa karibu kuliko hapo tutakupa ale nzuri, kwa bei ya ale, na lebo itaandikwa ale.