Barua ya wazi kwa mpwa wangu mwenye Land Rover 109

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia tena. Salamu fupi, kisha akaanza kunisomea maswali moja baada ya jingine, na kila akimaliza moja anaongeza, "eti kuna mtu anauliza." Kuna mtu! Basi na mimi namjibu huyo mtu hapa hadharani, na yeyote mwingine aliyenunua Land Rover ya zamani bila kujua anaanzia wapi achukue chake humu.

Nimesikia harusi ya dada yako ni Newala na kwamba bibi harusi atabebwa na hilo gari. Nimesikia rangi imeshanunuliwa, na taa za kufunga juu. Habari ya breki sijasikia hata neno moja.

Rangi iweke stoo. Gari lako ni Series III ya breki za mzunguko mmoja: masta silinda moja (pampu inayosukumwa na pedali), njia moja ya fluidi ya breki, magurudumu manne. Kitu kimoja kikivuja popote, pedali inakwenda hadi sakafuni na hakuna gurudumu linaloshika. Mipira ya breki, yaani mabomba laini ya fluidi, iko mitatu, miwili mbele na mmoja unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Nunua yote mipya bila kuangalia sura ya ile ya zamani, kwa sababu mpira huo huzeekea ndani. Huvimba, tundu likabana, ukakanyaga breki ikashika na ukiachia haiachii. Silinda ndogo za magurudumuni ni sita, maana mbele 109 ina mbili kila upande. Vua kila dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, inua ukingo wa kifuniko cha mpira cha kila silinda. Ukikuta unyevu, hiyo imekwisha.

Ukikuta viatu vya breki vya nyuma, vile vinavyobana dramu kwa ndani, vimelowa oili, usikubali fundi avioshe kwa petroli akurudishie. Oili imeshaingia ndani ya lining'i, lile tabaka la kiatu linaloshika dramu, na itatoka tena ikipata joto. Badilisha vya pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Kisha utafute oili ilikotoka. Mara nyingi ni sili ya habu, ule mpira wa kuzuia oili kwenye kitovu cha gurudumu, lakini kabla hujainunua kagua kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, ekseli ikipata moto hewa haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Utabadilisha sili kila mwezi na kumlaumu muuza spea bure.

Kutoa hewa kwenye fluidi ya breki, anza mbali na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kabla ya hapo kaza virekebishi vya viatu, viwili kwa kila gurudumu la mbele. Zungusha mpaka gurudumu ligome, rudisha mpaka lizunguke huru. Pedali inayobonyea kama sponji ina hewa. Pedali inayoshuka sana lakini ikifika chini ni ngumu haina hewa, ina viatu vilivyo mbali na dramu. Watu huchanganya haya mawili, wakamwaga fluidi chupa nzima bila faida. Na mtu akikuongezea oili ya injini au maji ya sabuni humo kwa sababu fluidi imeisha, mfukuze. Oili huvimbisha mipira yote ya ndani, na maji huchemka breki zikipata moto. Mvuke unabonyezeka, fluidi haibonyezeki. Kwenye mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi hutapata nafasi ya kujifunza tofauti hiyo.

Sasa tuzungumze ya Lindi, siku ulipolinunua gari hili.

Unakumbuka vizuri, usijifanye. Gari limeoshwa linameremeta, chini limepakwa rangi nyeusi ambayo bado inanata kidoleni. Boneti ya moto, na sisi ndio kwanza tumeshuka kwenye bajaji. Nikakuvuta pembeni nikakwambia: dizeli inayowashwa kabla mnunuzi hajafika ina tatizo la kuwaka asubuhi. Ukatabasamu. Nikalala chini na nyundo yangu ndogo nikaanza kugonga chesisi kutoka mbele kurudi nyuma. Chuma kizima hulia kikigongwa, kilichooza hutoa sauti butu. Nilipofika kwenye boriti la mwisho, lile linalobeba ndoano ya kuvutia, nyundo ikazama ndani.

Ukasema nini? Ukamgeukia yule muuzaji ukamwambia, "Msamehe mjomba, ana mikono mizito." Ukahesabu hela za korosho, bei ile ile aliyotaja, hata mia hukupunguza. Mpwa anamwombea mjomba wake msamaha kwa muuza gari! Mjomba ambaye kwenye harusi hiyo ya dada yako ndiye atakayeulizwa neno kabla ya mtu yeyote. Na yule bwana akanijibu mimi, "Hakuna neno mzee."

Chesisi ya 109 ni boksi la bati la chuma la milimita 2 hivi. Nyundo ya kiganjani haitoboi bati la milimita 2, mpwa wangu. Nilichotoboa ni rangi, maana chuma hakikuwepo. Gari lilikuwa likifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, mwenyewe alisema kwa fahari. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi kinaendelea kuliwa hata kiangazi. Boksi lina matundu ya kutolea maji. Tope likiyaziba, maji ya chumvi yanakaa ndani na kutu inaanzia usikokuona. Bodi la juu linadanganya kwa sababu ni aluminiamu. Halishiki kutu nyekundu, linaweza kung'aa juu ya chesisi iliyokufa. Isipokuwa pale aluminiamu inapokutana na boliti ya chuma: ukiona unga mweupe hapo, inaliwa.

Haya, umeshanunua. Ya kufanya ni haya. Lala chini mwenyewe, na nyundo yako mwenyewe, ukague boriti la nyuma, mahali springi zinaposhikia chesisi, na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Halafu inua mazulia ya mbele uone ukuta unaotenganisha injini na miguu yako. Huo ni chuma, si aluminiamu, na huoza pale unapokanyagia na kwenye nguzo za bawaba za milango. Kila palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma cheupe ndipo pachomelewe bati jipya la milimita 2 au 3. Mchomeleaji akitaka kubandika kiraka juu ya kutu, mwambie hapana. Kingo za kiraka zitashika hewa leo na kuachia mwakani. Tangi liko chini ya kiti, litolewe kabisa kabla ya moto wowote. Waya za betri na za altaneta zifunguliwe, la sivyo umeme wa kuchomelea unaua altaneta. Namba ya chesisi imegongwa kulia mbele, kwenye mkono unaoshika springi. Sehemu hiyo isikatwe. Linganisha namba hiyo na ya kwenye kadi kabla hujatumia shilingi nyingine hapo. Najua Lindi hukulinganisha, nilikuwa nimesimama pale.

Kazi ikiisha, mwagia dawa ya kuzuia kutu ndani ya boksi kupitia matundu yale yale, uyaache wazi. Wengine humwaga oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Inasaidia, ila isiguse mipira ya breki wala bushi. Na kila ukitoka ufukweni Mikindani au Msangamkuu, osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Juu paoshwe siku nyingine.

Swali la mama yako, yaani lako: moshi mweupe asubuhi na gari kukataa kuwaka. Hiyo ndiyo boneti ya moto ya Lindi. Plagi za kupashia za injini yako, kama hazijabadilishwa, zimeunganishwa kwa mfululizo, umeme unapita ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne. Moja ikiungua zote nne zimekufa. Usinunue nne kwa kubahatisha; ziunganishie taa ya kupimia uone umeme unaishia wapi. Ukibadilisha, chukua za volti 12 zinazofungwa kila moja kivyake, ili moja ikifa tatu zibaki. Lazima zote nne ziwe za aina moja na waya ubadilishwe pia. Ukizichanganya utaunguza. Moshi huo mweupe wa dizeli isiyoungua unaisha injini ikipata joto. Usipoisha, na maji ya rejeta yanapungua, hapo tunazungumzia gasketi ya hedi na bajeti ya harusi ibadilike.

Kichujio cha hewa ni kile cha bakuli la oili. Jaza mpaka alama, usizidishe. Dizeli ikivuta oili kutoka bakulini inaichoma kama mafuta na injini inapanda mbio hata ukizima.

Gurudumu la mbele linacheza, mtu anauliza ni nini. Lipandishe jeki, shika juu na chini, tikisa. Mwite mtu akanyage breki, tikisa tena. Mchezo ukiisha ni beringi za gurudumu. Ukibaki ni kingipini, pini ambayo gurudumu hugeukia unapokata kona, ndani ya ile tufe ya kromu. Beringi zinarekebishwa kwa nati kubwa ya milimita 52 yenye bati la kufungia. Acha mchezo kidogo sana, usikaze ikafa. Wengi wa mtaani hapo huigonga nati hiyo kwa patasi, na ndiyo maana ya kwako, nina hakika, ina meno.

Kuhusu spana: gari hili ni la inchi. Nunua 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Namba 13 inaingia kwenye 1/2 na 11 kwenye 7/16, kwa hiyo fundi atakwambia za kawaida zinatosha. Zikifika 9/16, 14 haiingii na 15 inalegea, na hapo ndipo nati zinapogeuka mviringo.

Oili ya gia boksi ni ile iliyoandikwa EP90 na GL-4, lita moja na nusu hivi; boksi la pili la gia nzito lita mbili na nusu. Usiweke GL-5 kwenye gia boksi, inaweza kula ringi za shaba zinazolainisha uingiaji wa gia. Tufe za mbele zinakula nusu lita kila moja, na zikivuja kidogo usihangaike nazo kabla ya harusi.

Jambo hili ningekwambia ana kwa ana kama ungepokea simu. Handibreki ya 109 haiko magurudumuni. Ni dramu moja nyuma ya boksi la gia nzito, inashika shafti ya nyuma. Ukipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na jingine, inaliruhusu lizunguke, na handibreki uliyoivuta kwa nguvu zako zote haishiki kitu. Gari linaondoka juu ya jeki na wewe uko chini yake. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine kila mara, hata kwenye sakafu unayoiona tambarare. Wala handibreki hiyo usiivute gari likiwa mwendoni.

Gia ya kuendesha magurudumu yote manne, kitufe cha njano, ni ya mchanga na tope tu. Haina difu ya katikati. Ukiendesha hivyo kwenye lami mfumo unajikaza mpaka kitu kivunjike. Kuiondoa, simamisha, rudisha ule mti mwekundu wa gia nzito nyuma kabisa, kisha usukume mbele kabisa, kitufe kitapanda chenyewe. Wakati wa kushuka Newala chagua gia kabla ya mteremko kuanza. Kwenye lami gia namba 2 bila kitufe. Kwenye vumbi gia nzito, namba 3, na mguu usikae juu ya breki. Ukisikia harufu ya lining'i, simama dramu zipoe. Usizimwagie maji.

Mwambie bibi harusi avae kitambaa kichwani, madirisha hayo hayazibi vumbi. Mimi nitasafiri na mama yako kwa basi, nimeshamwambia. Kama fundi yeyote mzuri ameshakagua breki baada ya kazi hii nitafikiria upya, lakini nitakagua mwenyewe, na nyundo nitakuja nayo.

Spana ya 52 iko kwangu Lindi. Mama yako ameomba niipakie kwenye basi la Mtwara. Sitaipakia.

Mjomba wako.