Uji wa shule na safari ya Jumamosi

Habari za jioni wazazi wenzangu.

Kwanza hongereni, watoto wetu wanne wameingia timu ya kata ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Jumamosi wanacheza ngazi ya wilaya, saa 12 kamili asubuhi wawe getini. Raba wanazo, shida ni soksi. Jana golikipa wetu alivaa moja nyekundu na moja ya kijani, na penalti akadaka! Mwenye jozi ya ziada ampelekee mwalimu wa michezo.

La pili ni uji. Michango ya lazima ilifutwa 2016, sawa, lakini uji haujipiki. Kikaoni tulikubaliana kilo 2 za mahindi na nusu kilo ya sukari kwa kila mtoto. Mpaka leo gunia halijafika nusu, na mpishi ameanza kuuzimua. Mwanangu anauita "maji ya moto". Darasa la saba wanabaki hadi jioni wakijiandaa na mtihani wa Septemba. Wasisinzie kwa njaa jamani.

Mwenye mashine ya kusaga karibu na shule anicheki pembeni, humu meseji zinafunikwa na picha za harusi.