Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Okidi Juu ya Mawe

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena. Hesabu na ada atazisoma mhazini baada yangu, na habari za wenzetu wa Pemba ataeleza katibu, kwa hivyo mimi sitazigusa. Nimeomba muda wangu wote niutumie kwa kazi moja tuliyojipa mkutano uliopita: kuotesha okidi, mimea ya maua ambayo mingi yake hushika mizizi juu ya miti na mawe, juu ya mawe yetu ya matumbawe, bila ya vyungu. Tulipoanza, kila mmoja wetu alikuwa anamwagilia mmea. Mwaka huu umetufunza kumwagilia jiwe.

Nianze na hasara, maana ni yangu. Kabla ya masika nilifunga miche saba kwenye mawe niliyoyaokota pwani. Yalikuwa mazuri kwa macho, mepesi, yamejaa matundu. Nikayasuuza mara mbili kwa maji ya bomba, nikaona yatosha. Mizizi nikaifunika kwa usumba nilioununua kwa kina mama wanaosokota kamba. Haikupita muda, zile ncha za kijani za mizizi zikageuka rangi ya chai na kusinyaa. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Mitano ikafa. Mzee mmoja jirani yangu, mvuvi, ambaye hana hata mche mmoja wa maua nyumbani kwake, alikuja kunijulia hali, akakichukua kipande cha jiwe, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akanambia, "Mwanangu, hii bado bahari."

Chumvi ilikuwa imejificha ndani ya matundu. Na usumba nao, kama mnavyojua, hutoka kwenye makumbi yaliyofukiwa tope la pwani miezi mingi kabla ya kupondwa. Kila nilipomwaga maji nilikuwa naiyeyusha chumvi ile na kuipeleka kwenye mzizi. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu wanachama wengine watatu walipatwa na jambo lile lile na wakaona haya kusema. Tusioneane haya. Mmea uliokufa na sababu yake ikajulikana umetusaidia sote.

Tangu hapo tumekubaliana kutumia mawe ya shamba, yaliyochimbwa nchi kavu na kupigwa na mvua kwa miaka. Hata hayo tunayaloweka kwenye maji ya mvua na kuyabadilisha maji kila baada ya siku chache, mpaka ulimi usionje kitu. Usumba vivyo hivyo. Ya pwani tuyaache pale pale, ni nyumba ya samaki.

Sasa nije kwenye maji, ndiyo mas-ala yenyewe. Jiwe la matumbawe hunywa. Bibi mmoja mwanachama wetu wa Makunduchi alitwaa karai, akalijaza kokoto, akatia maji yasifike juu ya kokoto, kisha akalisimamisha jiwe lake katikati. Jiwe lilikuwa na urefu kama wa shubiri moja na nusu. Alifanya hivyo magharibi. Alipotoka uani baada ya sala ya alfajiri, jiwe lilikuwa limeshaiva rangi ya kahawia kutoka chini mpaka karibu na mmea, na juu yake limebaki jeupe. Ule mstari baina ya kahawia na nyeupe ndio tuliokuwa tukiutafuta. Niliuona mwenyewe nilipokwenda kumtembelea: mizizi miwili ilikuwa imeshuka, imejibandika juu ya jiwe bapa kama utepe, ikafika kwenye mstari ule na kuanza kutambaa kando kwa kando, bila ya kuuvuka. Mzizi wa okidi unataka unyevu na hewa kwa pamoja. Ukiuzamisha kwenye maji unaoza, ukiuacha kwenye jiwe kavu la jua la mchana unakauka.

Kokoto zina kazi nyingine. Maji yaliyo wazi ndani ya karai ni mazalio ya mbu, na visiwa vyetu vimepambana na malaria muda mrefu mno hata sisi wapenda maua tuje kufuga mbu uani. Maji yabaki chini ya kokoto, na karai limwagwe na kuoshwa kila wiki.

Liko tatizo lililojitokeza baadaye. Maji yanapopanda na kukauka juu, huacha madini yake pale pale yanapokaukia, nanyi mtaona unga mweupe kwenye kichwa cha jiwe, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima cha karibu na bahari. Dawa yake ni kata mbili tatu za maji ya mvua kutoka juu, yashuke mpaka yatokee chini, mara moja kwa wiki. Ndiyo maana nawahimiza kila nyumba iweke pipa la kukinga maji ya paa, na pipa lenyewe lifunikwe.

Watu bado wananiuliza, "Nimwagilie mara ngapi?" Jibu liko kwenye mzizi. Mzizi wa okidi umevikwa ganda jeupe kama sponji. Ukiwa mkavu una rangi ya fedha, ukishanywa ganda lile huwa angavu na kijani cha ndani kikaonekana. Mzizi wa kijani mwacheni. Mzizi wa rangi ya fedha tangu asubuhi, mpeni maji. Wakati wa kaskazi, joto likizidi, hapa mjini tulinyunyizia mapema asubuhi na tena alasiri. Kusi inapovuma hewa ni baridi kidogo lakini upepo unakausha kuliko tulivyotarajia, na jiwe linaloelekea upepo lilihitaji maji kuliko la nyuma ya ukuta. Masika ikishashika, tulikaa kitako. Kosa la masika ni maji kulala usiku kucha kwenye kitovu cha majani, mahali pasipo na upepo. Hapo kitovu huoza na mmea haurudi. Jiwe liinamisheni kidogo, maji yateremke yenyewe.

Kuhusu kufunga, nitasema machache. Mshipi wa kuvulia unakata mizizi, tumeuacha. Vitambaa laini vya kanga kuukuu vimefaa zaidi, na vifunguliwe mizizi ikishashika. Mbolea iwe nyepesi sana, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Okidi za madukani zenye maua mapana hatujafanikiwa nazo juu ya mawe haya ya chokaa, na sishauri mtu atie fedha zake huko.

Aliyetufurahisha sote ni okidi aitwaye Angraecum giryamae, ambaye jina lake limetokana na ndugu zetu Wagiriama wa pwani ya Kenya. Huyu ni wa pwani yetu hii, huota kwenye miti na hata juu ya majabali ya matumbawe karibu na bahari. Chokaa haimtishi. Ua lake jeupe hutoa harufu usiku, na wanachama waliobahatika kuona ua mwaka huu wanasema walilinusa kabla ya kuliona.

Kwa ajili yake nina ombi zito. Uwanda wa mawe unafyekwa na kujengwa mwaka hadi mwaka, na mmea huu unaondoka pamoja na vichaka vyake. Palipokatwa mti shambani, muombeni mwenye shamba muokote kilichoanguka. Lakini asitokee mwanachama wetu kwenda kubandua okidi Jozani au Ngezi. Ile ni misitu ya hifadhi, na okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Hazivuki mpaka bila ya kibali. Mwaka huu nililetewa gunia la mimea iliyobanduliwa msituni, mizizi yote imechanika. Nilikataa kuipokea, na nitakataa tena. Mzizi ulioshika jiwe au gome haubanduki mzima, kwa hivyo mingi ya namna hiyo hufa hata ikitunzwa vipi.

Siku ya kufunga miche itakuwa mvua za kwanza za masika zikianguka, kwa kuwa ndipo mizizi mipya inapochipua. Miche iliyogawanywa kutoka kwa wanachama ipo, na itatolewa kwa atakayekuja na jiwe lililokwisha kulowekwa. Nitaonja kila jiwe mwenyewe mlangoni. Yaanzeni kuyaloweka wiki hii.

Wassalaam,
Mwenyekiti