Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: "Mwalimu, ni moja tu"

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu wa bayolojia wa shule ya sekondari, na kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa mvutaji. Nakuandikia kwa sababu ya kibanda kilicho ng'ambo ya lango la shule yetu.

Kibanda kinauza maji, mkate, muguka (majani ya kutafuna yanayochangamsha) na sigara. Pakiti si lazima. Unatoa shilingi 20, unapewa sigara moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye nguzo asije mtu akaondoka nacho. Kengele ya mapumziko ikilia, wavulana wa kidato cha tatu huvuka barabara. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara nje ya pakiti ya angalau 10. Basi kila sigara inayotoka pale ni makosa mawili kwa mkupuo, mchana kweupe, na askari wa kaunti hupita hapo kununua maji.

Nikimshika mwanafunzi hunijibu: "Mwalimu, ni moja tu." Jibu hilo nalijua. Nililitoa mwenyewe nikiwa na miaka 16, kisha nikavuta miaka 12. Picha za onyo tulizoanza kuziona kwenye pakiti mwaka 2016 hazimsaidii kijana huyu, kwanza kwa kuwa zinamsimulia habari za uzeeni, na pili, Mheshimiwa, kwa kuwa anayenunua moja moja hata pakiti haioni. Inabaki kwa mwenye kibanda.

Kwa hiyo darasani nimeacha mapafu, ninawaambia habari za ubongo. Wengi wao wamesoma madrasa, nami naanzia huko. Neno la Kiarabu likiandikwa kwa herufi tupu laweza kusomwa kwa njia kadhaa. Fataha, kasra, dhumma na sukuni, vialama vidogo vya juu na chini, ndivyo vinavyoamua. DNA, maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila seli, nayo ni maandishi ya namna hiyo, na jeni ni kama maneno yake. Kwenye saratani moshi huharibu herufi zenyewe, na hiyo ni habari nyingine. Hapa nazungumzia vialama. Vialama vya DNA ni vikundi vidogo vya kikemikali. Kialama cha methili mara nyingi hufanya kazi ya sukuni: jeni hunyamaza. Kile cha asetili hulegeza uzi wa DNA uliojizinga, na jeni iliyokuwa imefungika ikasomeka. Elimu ya vialama hivi ndiyo epijenetiki, na nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, ina mkono ndani yake.

Ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande ukapelekwa maabara, kwa hiyo mengi tunayoyajua yametoka kwa panya na kwa bongo za marehemu. Jaribio ninalolipenda ni la mwaka 2011, la watafiti Eric Kandel na mkewe Denise wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, pamoja na wenzao. Panya waliwekewa nikotini kwenye maji ya kunywa kwa siku saba, kisha wakapewa kokeini. Kokeini iliwachangamsha kupita wenzao waliokunywa maji matupu, nao wakazidi kuking'ang'ania chumba walichopewa dawa hiyo. Walipogeuziwa mpango, kokeini ikatangulia na nikotini ikafuata, ongezeko hilo halikuonekana. Sababu ilikuwa kwenye vialama: nikotini ilipunguza nguvu ya vimeng'enya vinavyoondoa asetili katika striatamu, sehemu ya ubongo inayohusika na raha na mazoea. Asetili zikabaki, na jeni iitwayo FosB, inayohusika na uraibu, ikawa tayari imefunguliwa mlango kabla mgeni hajabisha hodi.

Muguka si kokeini, na sitaki kuwafanya panya wa New York mashahidi wa kesi isiyo yao. Lakini gavana wetu alipopiga marufuku muguka Mei 2024, kelele zilifika Embu wanakoulima na Ikulu, hadi Mahakama Kuu ikasimamisha amri. Sigara iliyolala juu ya meza ile ile, mita moja kutoka kwenye muguka, sikusikia ikitajwa. Na hiyo tayari ina sheria!

Kuhusu binadamu, damu imesema mengi. Mwaka 2016 zilichapishwa tafiti mbili kubwa. Moja ilikusanya watu karibu 16,000 na kuona kwamba vialama vingi vya methili vilivyohamishwa na sigara hurudi mahali pake ndani ya miaka mitano baada ya mtu kuacha, ila vichache huonekana hata baada ya miaka 30. Ya pili iliwapima watoto wachanga 6,685, na wale ambao mama zao walivuta wakati wa mimba walikuwa na tofauti katika sehemu zaidi ya 6,000 za DNA. Mtoto hajavuta hata pumzi ya kwanza ya hewa. Damu si ubongo, najua, na wanafunzi wangu hunikumbusha. Hata hivyo, mwaka huo huo watafiti wa Yale walionyesha kwa panya kwamba nikotini inayopatikana mapema maishani hubadilisha vialama ndani ya gamba la ubongo, na tabia zao zikabaki tofauti hadi ukubwani.

Ubongo wa kijana wa miaka 16 bado unajengwa, na utaendelea hivyo mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Ndiyo maana "moja tu" yake si sawa na moja ya babu yake.

Sasa ombi. Sitaki sheria mpya kuhusu kibanda, ile ya 2007 inatosha ikitembezwa. Ningeomba ianze na mita mia za kuzunguka kila shule. Vifuko vya nikotini, vile vidogo vya kuweka kati ya mdomo na ufizi visivyo na moshi wala harufu, vibanwe kama sigara, kwa sababu panya wa Columbia hawakuvuta moshi wowote. Walikunywa nikotini tu.

Na wanaotaka kuacha wapewe njia. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za nikotini za kuachia sigara kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mimi niliacha kwa jaribio la nne, bila dawa. Nilipoulizia chingamu ya nikotini dukani, nilipewa ya mnanaa. Fedha zipo kisheria: Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 zinawatoza watengenezaji na waagizaji wa tumbaku 2% ya thamani ya bidhaa zao kwa ajili ya Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku, na Mahakama ya Juu ilitupa rufaa ya kuzipinga Novemba 2019. Tungependa kusomewa hesabu za mfuko huo, na kuambiwa ni zahanati ngapi za Pwani zina dawa hizo.

Mwenye kibanda si mtu mbaya. Nimekunywa naye chai, akaniambia ataacha kuuza moja moja siku atakayokuja mtu wa serikali kumwambia. Hufungua saa kumi na mbili asubuhi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa bayolojia, Mombasa.