Mkebe wa Baba usichomwe

Uppsala, Uswidi

Dada Riziki,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo wewe, na shikamoo kwa Mama, umfikishie kwa mdomo wako ukiwa umekaa naye, si kumwekea simu sikioni wakati anachambua mchele. Mimi, mke wangu na watoto hatujambo, alhamdulillah. Baridi imeshaingia na jua linazama mapema, lakini nyumba ina moto na kazi ipo, kwa hivyo upande huo msiwe na wasiwasi.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu harusi ya Time nimeusikiliza wote, mpaka pale jogoo alipokukatiza. Pesa ntatuma. Laki nne zitaingia kwenye simu yako wiki hii, na za mchele ntaziongeza mwisho wa mwezi. Hilo lisikuumize kichwa. Lililoniuma mimi ni lile ulilolipitisha katikati, baina ya bei ya mbuzi na viti vya kukodi, kama jambo dogo: kwamba Ami Faki kautoa kabatini mkebe wa Baba, ule wa picha na filamu alizopiga, na anataka uchomwe pamoja na taka za uwanjani kabla wageni hawajafika.

Dada, mkebe ule usichomwe. Nakuomba kwa haki ya Baba aliyelala pale Mtambile, kwetu Pemba. Uchukue leo hii uuweke chumbani kwako.

Najua hoja ya Ami, maana alinambia mwenyewe kwa simu mwaka juzi. Anasema mna picha za wanawake wa nyumba hii wakiwa kazini, kanga zimefungwa kiunoni, vichwa wazi, na watoto wa siku hizi kila wakionacho hukirusha mtandaoni. Hapo ana haki na simpingi. Mimi pia sitaki kumwona marehemu Bibi kwenye simu ya mtu nisiyemjua. Lakini dawa ya hilo ni kuzitunza, si kuzitia moto. Na umkumbushe, kwa adabu, kuwa na yeye yumo. Yumo kijana, msuli kaupandisha juu ya magoti, siku ya mchezo wa ng'ombe, na watu nyuma wamekwea miembe. Hakuna picha nyengine ya Ami ya umri ule popote duniani. Akishaichoma hiyo, wajukuu zake watamjua kwa picha ya kitambulisho tu.

Watoto wenu hawaijui habari ya kamera ile ya Baba aliyopigia picha hizo, kwa hivyo wasomee hapa. Baba aliipata Mkoani alipokuwa akifanya kazi hospitali, kwa daktari wa Kichina aliyekuwa akirudi kwao. Ni Seagull, imetengenezwa Shanghai, ile yenye macho mawili, moja juu ya jengine. Huiweki usoni. Unaishika kifuani, unafungua kifuniko cha juu, unainama kutazama kwenye kioo, na humo kila kitu kimegeuka: mtu akienda kulia, kiooni anakwenda kushoto. Mimi sasa, baada ya kupiga picha kwa miaka, ndio nimefahamu kwa nini picha za Baba hazifanani na za mtu mwengine pale kijijini. Aliwapiga watu huku ameinamisha kichwa. Aliyepigwa hakuona jicho la mtu limemkazia, aliona utosi na kofia. Ndio maana Bibi hakuacha kupeta mchele na Mama hakuacha kukuna nazi. Waliendelea na kazi zao.

Na filamu ilikuwa na picha kumi na mbili tu. Kumi na mbili! Yaweza kutiwa Mfunguo Mosi ikamalizwa msimu wa karafuu, kisha ingoje mtu mwaminifu wa kuipeleka Unguja kwa meli ikasafishwe Capital Art Studio, kwa Oza. Kwa hivyo kila picha iliyomo mkebeni ilifikiriwa kwanza. Mtu mwenye picha kumi na mbili kwa miezi yote hiyo akaamua kuipa moja jamvi la karafuu lililoanuliwa nusu mvua inakuja, na wewe mdogo umeshika pembe moja unalia. Mimi sikuwahi kusikia Baba akisema kwa maneno kuwa anatupenda. Lakini alituhesabia ndani ya zile kumi na mbili.

Sasa nitasema langu jengine, na usinikasirikie. Mwezi uliopita mlinitumia picha ya Mama. Nikafurahi kuona jina lake, nikafungua, nikamkuta kasimama Dubai. Nyuma yake magorofa, chini yake maua, uso umepaushwa mpaka mikunjo yote imekwisha, na ule mtandio wa kijani aliokuwa nao umekatwa ukingoni kwa mkasi wa kompyuta. Mmelipa pesa kufanyiwa vile, na najua mlikusudia heshima. Lakini dada, Dubai mimi nikitaka kuiona ntaiona. Nilikuwa nataka kumwona Mama. Mikunjo ile ni yake, na ule ukuta wa nyuma mliouona mbaya ni ukuta wa jiko letu.

Kisha, siku chache nyuma yake, Hamad kanitumia picha ya shati aliloshonewa Idi, ati nimtazame alivyopendeza. Kapendeza kweli. Lakini nyuma ya bega lake nikaona mlango wa jiko uko wazi, mbuzi wa kukunia nazi kaegemezwa ukutani, na ndoo ya buluu imefunikwa sinia lile lililobonyea. Nikaikuza ndoo. Nikaona na ncha ya mguu, kidole kikubwa na kanda ya kandambili nyekundu, nikajua huyo ni Mama kakaa kizingitini. Sikwenda kulala mapema usiku ule. Mwambie Hamad aendelee kukosea hivyo hivyo.

Nikwambie kitu cha huku ili mjue si mimi peke yangu ninayeyathamini mambo haya. Katika mkoa huu wa Uppland, kijiji cha Sävasta, aliishi bwana mmoja jina lake John Alinder. Kazaliwa 1878, mtoto wa mkulima, lakini shamba hakulitaka. Alipenda muziki, akiuza magramafoni, na alipenda kamera. Kuanzia miaka ya 1910 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipiga picha za majirani zake pale pale kijijini: bibi vizee wamekaa bustanini, watoto, vijana na baskeli zao, watu wa shamba na nguo zao za shamba. Kwa nyuma unaona kichaka, mlango, uzio. Picha zake alizichukua juu ya sahani za kioo, si filamu. Alifariki 1957, na vioo vyake, zaidi ya 8,000, viko Upplandsmuseet, makumbusho ya mkoa, hapa hapa Uppsala ninapokaa.

Nimezitazama picha hizo kwa muda mrefu. Wale hawakuwa matajiri, dada. Ni watu wa kulima, kama sisi wa kuchuma karafuu, na mikono yao imekakamaa kama ya kina Ami. Leo zimechapwa vitabuni na zimetundikwa kwenye maonyesho. Kila nikizitazama nasema moyoni: na kwetu alikuwepo. Baba yetu alikuwa na kijiji kizima ndani ya mkebe wa biskuti, na hajui mtu.

Na habari yangu nyengine ya furaha, ambayo nilitaka niwaambie kwa simu lakini mtandao ulikuwa mbaya. Maktaba ya mtaa wetu ilifanya maonyesho ya picha za wakaazi, wakaletewa picha nyingi, na yangu ikachaguliwa ikatundikwa ukuta wa mlangoni, kubwa, kama upana wa meza ya chai. Ni ile niliyompiga Mama safari iliyopita akitenganisha karafuu na makonyo. Uso haumo, nilimuomba ruhusa na akanambia mikono tu. Basi ni mikono tu: kiganja kimoja kimekunjwa juu ya kichala, kidole gumba kinasukuma, karafuu ziko hewani hazijagusa jamvi. Watu walisimama pale. Bibi mmoja wa Kiswidi akaniuliza ni matunda gani hayo, nikamwambia ni zile karafuu mnazozichomeka kwenye machungwa mkayatundika nyumbani wakati wa Krismasi. Hakuwa amewahi kujua kuwa huanza kijani, tena zikiwa juu ya mti, zikachumwa kabla ya kuchanua, zikakaa juani mpaka ziwe kahawia. Akaniita mpiga picha. Siku hizi hata majirani wakiwa na sherehe wananiita nije na kamera yangu. Mwambie Mama mikono yake imetazamwa na watu wengi kuliko waliohudhuria harusi yangu, na waliitazama kwa heshima.

Turudi kwenye mkebe, maana hapa nataka tufanye jambo hasa. Kwanza, ufungue uunuse. Filamu za zamani zimetengenezwa kwa asetati, na joto na unyevu wa kwetu huzioza. Zikianza hutoa harufu ya siki, kisha zinajikunja na kusinyaa, na iliyooza huziharibu za jirani yake. Ukisikia siki, zenye harufu zitenge mbali na nyengine, na hizo ndizo zitangulie kupigwa picha kwa simu. Zote zitoe kwenye mifuko ya nailoni, utie kila ukanda kwenye bahasha ya karatasi, na mkebe usiufunge ukakaza, uache upate hewa. Usizifute kwa kitambaa cha maji hata ukiona vumbi. Shika kingoni tu.

Kazi ya kuzipiga afanye Mwanaisha. Ana simu nzuri na mkono wake hautetemeki, na akiwa mwanamke Ami hana la kusema. Achukue simu ya pili, awashe ukurasa mweupe mtupu, mwanga wote juu. Aweke kioo safi kilichoinuliwa kidogo kwa viberiti viwili ili vitone vya skrini visionekane, alaze negativu, yaani ule ukanda wa filamu, juu ya kioo, azime taa ya chumba, apige. Programu ya kugeuza nyeusi kuwa nyeupe ntamfundisha mimi Jumapili, dakika kumi zinatosha. Picha za wanawake azitie pahala pake, zibaki kwako wewe na Mama, na zisiingie kabisa kwenye kundi la familia maana wakwe wote wamo mle. Za wanaume, za ng'ombe, za skuli, za ufukweni, hizo anitumie na kundini atie.

Halafu Mama akae naye aseme majina. Hili ndilo la haraka kuliko yote. Nani yule kabeba peto, nani yule mwenye jicho moja, mwembe ule ni wa nani na ulikatwa lini. Mwanaisha aandike kwa penseli juu ya bahasha. Ami naye aitwe siku hiyo, apikiwe chai ya tangawizi, aoneshwe yake ya ng'ombe kwanza kabla ya nyengine yoyote. Namjua Ami yetu. Akishajiona, ataanza kusimulia mwenyewe na kiberiti atakisahau.

Kuhusu harusi: ile ndege ya kupigia picha kutoka juu mnayotaka kuikodi, sitaikataza, ni siku ya Time na yeye ndiye anayeitaka. Ila itaonesha mabati na turubali. Nani atapiga usiku wa kuamkia harusi, wanawake wanamenya vitunguu na machozi yanawatoka, masufuria ya pilau yanapandishwa mafigani, nyinyi mnapigiana kelele kuhusu chumvi? Hapo mimi ndipo ninapotaka kuwepo na sitakuwepo. Mwanaisha anipigie hizo, za kunitumia mimi na mke wangu tu. Asiwaambie watu "tazameni hapa". Asikuze kwa vidole, asogee yeye. Asubuhi akae upande wa mlango ili mwanga utoke nyuma yake. Na kioo cha simu akifute kwa kanga kwanza, kimejaa mafuta ya maandazi.

Albamu ile ya kijani aliyoazimwa mpiga video wa harusi ya Asha haijarudi mpaka leo, na mnanyamaza kwa kuona haya. Mimi sioni haya. Shaame aende kwake akakae barazani mpaka ipatikane. Mle mna picha ya Baba amebeba baskeli begani kuvuka maji, na negativu yake hatunayo.

Wasalimie wote, na Bi Mwanakombo mwambie dawa yake ya magoti nimeipata, ntampa mtu anayekuja mwezi ujao. Mtu huyo huyo, wakati wa kurudi, mpeni Seagull ya Baba, ifungeni kwenye kanga nzito msiitie mfukoni mtupu. Kuna fundi hapa anayejua kamera za aina ile, na filamu yake bado inauzwa. Ikikubali kufanya kazi, nakuja nayo msimu wa karafuu, inshaallah.

Mdogo wako,
Bakar